Mama Anasahau, Nawe Moyo Unakwenda Mbio: Mwongozo wa Kuishi na Dimentia na Hofu ya Ghafla Nyumba Moja

Nyumba nyingi za Nairobi, kuanzia Kayole hadi Kawangware, zina habari inayofanana. Mzazi aliyekuwa akikaa peke yake mashambani anaanza kupotea njia ya sokoni. Watoto wanafanya kikao, na kwa kuwa binti mmoja hajaolewa au ana chumba cha ziada, jambo linamwangukia yeye. Mzee anahamia mjini. Miezi inapita, na binti naye anaanza kuamka usiku kifua kimembana, akiamini kwamba anakufa. Anapimwa moyo, moyo uko sawa. Kumbe nyumba sasa ina wagonjwa wawili: mmoja wa dimentia, mwingine wa hofu ya ghafla.

Magonjwa haya hayafanani kwa chanzo wala kwa tiba. Dimentia ni ubongo unaoharibika polepole. Hofu ya ghafla ni mwili unaopiga kamsa ilhali hakuna mwizi. Lakini yote mawili hayasikii hoja. Huwezi kumshinda mgonjwa wa dimentia kwa ushahidi, wala huwezi kuukemea moyo unaodunda mpaka utulie. Unachoweza kubadilisha ni vile vinavyowazunguka: mwanga, kelele, pumzi, ratiba, watu. Karibu kila hatua hapa chini imejengwa juu ya hilo.

Hatua ya 1: Uliza mambo yalianza lini

Kusahau jina la jirani kisha ukalikumbuka baadaye ni uzee. Kusahau kwamba jirani huyo alikuja asubuhi, kuuliza swali lilelile kila baada ya dakika tano, kutia chumvi kwenye chai, kupotea njia uliyoipita maisha yako yote, kumshuku msichana wa kazi kwa leso uliyoificha mwenyewe chini ya godoro, hayo si ya uzee wa kawaida. Dimentia huingia taratibu, kwa miezi na miaka. Aina inayoongoza ni Alzheimer, iliyopewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliyeieleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ni asilimia 60 hadi 70 ya visa vyote. Nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kuvuja, na hiyo huwaandama zaidi wenye presha au sukari isiyodhibitiwa.

Sasa sikiliza vizuri. Kama mzee alikuwa sawa Jumapili na ilipofika Jumatano hajui yuko wapi, anaona watu ukutani, au anasinzia mchana kutwa, usiseme dimentia imekuja. Hiyo ni dharura. Huenda ni maambukizi ya mkojo, nimonia, malaria, kukaukiwa na maji, sukari iliyoshuka au dawa mpya aliyoanzishwa. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama tayari anajulikana kuwa na dimentia.

Hatua ya 2: Tafuta kwanza vinavyotibika

"Ni uzee tu" na "amerogwa" ni sentensi mbili zinazofanya kazi moja: kufunga faili kabla ya vipimo. Maombi hayamkatazi mtu kutolewa damu, na mchungaji anayemwambia mgonjwa aache dawa za presha anapaswa kuepukwa.

Kusahau kunaweza kutokana na tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, upungufu wa vitamini B12, sonona, kaswende ya zamani, virusi vya Ukimwi, au damu iliyovia kati ya ubongo na fuvu baada ya kuanguka. Mzee huanguka bafuni, anainuka, anacheka, halafu wiki kadhaa baadaye anaanza kuchanganyikiwa, na hakuna anayeikumbuka ile siku ya kuanguka. Itaje kwa daktari. Mtajie pia kama mzee ametumia metformin kwa miaka mingi kwa ajili ya sukari, kwa sababu dawa hiyo hupunguza B12 mwilini.

Kusanya dawa zake zote, za hospitali, za kemisti na za mitishamba, uzitie kwenye mfuko mmoja na uende nazo. Usiziandike kwenye karatasi, zibebe zenyewe. Utashangaa. Piriton, dawa ya mzio, anayomeza kila usiku "apate usingizi" inaweza kumzidishia mzee mkanganyiko, na vivyo hivyo amitriptyline na baadhi ya dawa za kibofu. Halafu kuna masikio na macho: nta iliyoziba sikio na miwani ya zamani humfanya mtu aonekane amepotewa na akili, na kuvisahihisha hakuhitaji daktari bingwa.

Kwa Nairobi, anza na hospitali ya kaunti iliyo karibu, kama Mama Lucy Kibaki au Mbagathi, upate barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Najua jina la Mathari linawatisha watu. Hospitali hiyo ilianza mwaka 1910 na imebeba simulizi nyingi tangu hapo. Ukweli ni kwamba ina kliniki za kawaida: unaingia, unapanga foleni, unamwona daktari, unarudi nyumbani kwako. Kabla ya siku hiyo, hakikisha mzazi amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Usajili unafanyika kwa kubonyeza *147#.

Mtihani wa kumbukumbu ufanywe kwa lugha anayoijua zaidi. Mama wa Kitui anayeulizwa tarehe kwa Kiingereza atafeli hata akiwa mzima, na asiyekwenda shule atafeli kuchora saa kwa sababu zisizohusu ugonjwa. Omba ruhusa ya kuketi naye na kutafsiri, ila usimnong'onezee majibu.

Dawa kama donepezil na memantine huwasaidia baadhi ya wagonjwa kwa muda. Haziponyi. Anayekuuzia unga wa kuponya Alzheimer anakuibia.

Hatua ya 3: Hofu yako ipimwe angalau mara moja

Moyo unadunda, pumzi inakatika, jasho la baridi, vidole na midomo vinakufa ganzi, kizunguzungu, na wazo moja tu kichwani: ninakufa, au ninapata wazimu. Hicho ni kipindi cha hofu. Hupanda mpaka kilele kwa dakika kama 10, kisha huanza kushuka. Kipindi kimoja si ugonjwa. Kinakuwa ugonjwa vinapojirudia bila sababu, nawe ukaishi mwezi mzima au zaidi ukihofia kijacho, ukibadilisha njia, ukikwepa matatu, kanisa au foleni za benki.

Mara ya kwanza, nenda hospitali. Upimwe moyo kwa mashine ya umeme, sukari, kiwango cha damu na tezi ya shingo, ambayo ikizidisha kazi huleta dalili zilezile. Ugonjwa huu kwa kawaida huanza ujanani, kabla ya miaka 40. Ukianza baada ya miaka 60, tafuta kwa bidii chanzo kilicho mwilini kabla ya kusema ni hofu. Na maumivu ya kifua yanayobana na kwenda kwenye mkono, taya au mgongo, hasa kwa mwenye presha, sukari au anayevuta sigara, hayasubiri mazoezi ya kupumua: ni hospitali moja kwa moja.

Wakati huohuo chunguza unachokunywa na kutafuna. Kahawa kali, vinywaji vya kuongeza nguvu, miraa na muguka vyote huharakisha moyo. Mlezi anayekesha na mzazi, kisha akajiamsha asubuhi kwa kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, anajichochea mwenyewe.

Hatua ya 4: Kipindi kikikukuta ndani ya matatu

Tuseme uko Jogoo Road, magari yamesimama, muziki uko juu, umekaa dirishani na watu wawili wako kati yako na mlango. Kifua kinaanza kubana. Kila kiungo kinakuambia ushuke.

Usishuke, kama moyo wako umeshapimwa na hizi ni dalili unazozijua. Ukishuka, nafuu utaipata mara moja, na hapo ndipo shida ilipo: mwili utaamini kwamba kushuka ndiko kulikokuokoa, na kesho utakataa kupanda. Fanya hivi badala yake. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili mpaka uihisi. Weka mkono mmoja juu ya kitovu. Vuta pumzi kwa pua taratibu ukihesabu hadi nne, tumbo lisukume mkono, kisha itoe polepole ukihesabu hadi sita. Kutoa pumzi ndefu ndiko kwenye kazi. Watu wengi hufanya kinyume: wanavuta hewa kwa pupa, mara nyingi, kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu, na hapo ndipo vidole vinapokufa ganzi na kichwa kuzunguka, jambo linalowaogofya zaidi. Usipumulie kwenye mfuko wa karatasi kama wanavyofanya kwenye filamu. Kama kumbe ni pumu au moyo, utajidhuru.

Jiambie maneno machache, yaleyale kila mara: "Hii ni hofu. Imepanda, itashuka." Usijaribu kuifukuza. Tazama saa, acha ipite, na ushuke kwenye stage yako uliyokuwa ukienda.

Kama umeshaacha kupanda matatu kabisa, rudi kwa vipande. Siku za kwanza kaa kwenye gari lililosimama stage likingoja kujaa, kisha panda kituo kimoja saa ambazo hakuna msongamano, halafu viwili, halafu asubuhi yenye watu. Usiongeze mpaka hatua uliyopo ikuchoshe kwa kukosa msisimko.

Mazoezi haya ni sehemu ya tiba ya mazungumzo, nayo ndiyo yenye matokeo mazuri kwa ugonjwa huu. Daktari anaweza pia kukupa dawa kama fluoxetine au sertraline. Zipe wiki kadhaa, kwani siku za mwanzo zinaweza hata kukuongezea wasiwasi, na usizikatishe ghafla. Diazepam ya kununua kwa kemisti asiyeuliza maswali ni mkopo wenye riba mbaya: inatuliza leo, inazoeleka, na kumwachisha mtu ni kazi nzito.

Hatua ya 5: Usibishane na mzazi

Jua linapoanza kuzama, wagonjwa wengi wa dimentia huanza kuhangaika. Mama anasimama mlangoni ameshika mkoba.

"Nataka kwenda nyumbani. Giza linaingia na ng'ombe hawajakamwa."

Jibu la haraka ni lile la kweli: "Mama, hapa ni kwangu Umoja. Ng'ombe waliuzwa baba alipofariki." Umesema ukweli, na umemletea msiba upya. Kwake ni habari ya leo. Atalia, atakataa chakula, na baada ya nusu saa atauliza tena kuhusu ng'ombe.

Jaribu hili:

"Kumbe ng'ombe bado! Yupi alikuwa akitoa maziwa mengi?"

"Yule mwekundu. Alikuwa mkali, ananipiga mateke."

"Basi niambie ulikuwa ukimtulizaje, huku tunakunywa chai."

Hujakubali uongo wala hujakanusha. Umefuata kile anachokitafuta, ambacho mara nyingi ni usalama na kazi ya mikono kuliko nyumba yenyewe. Mpe kazi basi: kuchambua sukuma wiki, kukunja nguo, kutoa mawe kwenye maharagwe. Akikunja vibaya, wacha hivyohivyo.

Hapa Nairobi giza huingia haraka, kwenye saa kumi na mbili unusu, kwa hiyo washa taa saa kumi na moja, kabla ya vivuli. Funga mapazia. Zima taarifa ya habari. Mtu asiyetofautisha runinga na sebule anaona maandamano yameingia ndani. Kioo kikubwa kifunike kwa leso, maana ipo siku atamwona mgeni ndani yake. Weka taa ya kuchaji inayowaka yenyewe stima ikipotea.

Lugha nayo. Waliojifunza Kiswahili ukubwani mara nyingi hukipoteza kabla ya lugha ya mama. Mzee anabaki na Kikamba au Dholuo chake katika nyumba ambayo wajukuu wanaongea Sheng na Kiingereza. Wafundishe watoto sentensi kumi tu: karibu, kaa, kula, choo kiko hapa, niko nawe, usiogope. Nimeona sentensi hizo zikifanya kazi ambayo vidonge havikufanya.

Hatua ya 6: Kuoga

Hapa ndipo ugomvi mwingi hutokea, na ndipo hofu ya ghafla ya mgonjwa huonekana wazi. Fikiria: mtu usiyemkumbuka vizuri anakuvua nguo katika chumba chenye baridi. Wewe ungefanya nini?

Chagua saa ambayo alizoea kuoga maisha yake yote, hata kama ni mchana. Tayarisha kila kitu kabla ya kumwita: maji ya uvuguvugu kwenye beseni, sabuni, taulo, nguo safi, kiti cha plastiki kisichoteleza. Usiulize "utaoga?" Sema, "maji yako yako tayari." Mfunike mabega kwa leso na umsafishe chini ya leso, sehemu moja baada ya nyingine, ukianza na miguu na kuacha uso na kichwa mwisho. Mpe kitambaa ashike ajioshe mwenyewe anapoweza. Taja kila unachofanya kabla ya kukifanya. Akikataa katakata, acha, rudi baada ya dakika ishirini kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna aliyewahi kufa kwa kuogeshwa mara tatu kwa wiki.

Hatua ya 7: Anapoingiwa na hofu na hawezi kusema

Hatakuambia "moyo unanienda mbio." Atazunguka chumbani, atavuta nguo, atapiga kelele, au atakushika mkono asikuachie. Kabla ya kufikiria dawa, pitia haya: ana maumivu? Anataka choo? Hajapata choo kubwa siku ngapi? Ana njaa, baridi, kiu? Nani ameingia, nani ametoka? Shuka ukae chini ya usawa wa macho yake, ongea kwa sauti ya chini, na upumue polepole wewe mwenyewe ukiwa umemshika mkono. Mara nyingi pumzi yake itafuata yako. Ndiyo sababu nimeanza na yako.

Usimpe dawa zako za wasiwasi. Kwa mzee mwenye dimentia, diazepam na jamaa zake huongeza kuanguka na mkanganyiko. Dawa kali za kutuliza kama haloperidol huongeza hatari ya kiharusi na kifo, na katika aina moja ya dimentia, ile ya Lewy, zinaweza kumkakamaza mgonjwa vibaya. Daktari akiziandika, uliza ni za muda gani na zitapunguzwa lini.

Hatua ya 8: Kabla hajapotea

Shona nambari yako ya simu ndani ya kola ya sweta zake. Mtambulishe kwa soja wa geti, kwa mwenye kibanda cha mboga na kwa vijana wa bodaboda pale kona, bila kuona haya. Kila asubuhi mpige picha na nguo alizovaa.

Akitoweka, anza na stage ya magari yanayokwenda kwao. Wengi wanakuwa safarini kurudi mashambani. Usingoje saa 24, hakuna sheria inayodai hivyo. Nenda kituo cha polisi ukiwa na picha, uandikishe, na udai nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.

Hatua ya 9: Simu na shamba

Matapeli wa M-Pesa wanampenda mtu anayesahau. Acha kiasi kidogo tu kwenye laini yake na uhamishe kilichobaki, kwa idhini yake na ndugu wakijua. Pesa zikitumwa kimakosa, sambaza ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja, kabla hazijatolewa upande wa pili.

Kuhusu mali, sheria ya urithi inataka anayeandika wosia awe na akili timamu, kwa hiyo shughuli hiyo ifanywe mapema, akiwa bado anaelewa, pamoja na wakili na barua ya daktari. Akishavuka hapo, njia iliyobaki ni mahakama imteue msimamizi wa mali yake. Kidole gumba kilichobonyezwa kwenye karatasi saa nne usiku na kitinda mimba kitawagombanisha kwa miaka.

Hatua ya 10: Gawa saa

Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 70 ya saa za kuwahudumia wagonjwa wa dimentia hutolewa na wanawake. Kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia utaikuta asilimia hiyo bila kufanya utafiti: wanaume wanaandika "Mungu akubariki dada." Usiombe msaada kwa jumla. Omba saa. "Juma, Jumamosi kuanzia saa tatu hadi saa kumi uko na mama, na kuoga ni juu yako." Aliye Marekani anayetuma pesa na maagizo apewe kazi ya kumpigia mama simu ya video kila siku giza linapoingia hapa, kwao bado ni asubuhi, na zile dakika thelathini ndizo unazohitaji kupika.

Tafuta walezi wenzako. Alzheimer's and Dementia Organization Kenya huwakutanisha walezi, na kule hutalazimika kueleza kwa nini umefunika kioo. Lala saa zako hata kama ni kwa zamu. Na siku utakapojikuta umeinua mkono kumpiga, au unatamani usiamke kesho, toka chumbani, mwite jirani akae na mama, na upige 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Ihifadhi kwenye simu yako sasa hivi, na kwenye ya msichana wa kazi pia.